Zimwi na Sahani ya Supu: Terry Pratchett, kutoka Gazetini hadi Fantasia ya Vijana

Terry Pratchett alikuwa mwandishi wa habari wa magazeti ya mikoani kabla hajajulikana kama mtunzi wa riwaya. Alizaliwa Beaconsfield, katika jimbo la Buckinghamshire nchini Uingereza, tarehe 28 Aprili 1948. Aliingia chumba cha habari akiwa na miaka 17, na alipofariki tarehe 12 Machi 2015 alikuwa ameacha riwaya 41 za mfululizo mmoja tu, Discworld, mbali na nyinginezo. Vitabu vyake vilikuwa vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 85, katika lugha 37. Katika kazi hizo zote, riwaya zipatazo 15 aliwaandikia watoto na vijana.

Ni riwaya za fantasia. Ndani yake mna vijitu wanaoishi chini ya mbao za sakafu, panya wanaojua kusoma, wafu wanaopiga simu redioni na msichana mchawi anayechunga kondoo. Hata hivyo zimejaa tabia za mtu aliyefundwa gazetini. Wahusika wake huuliza maswali, hupima, hukagua ushahidi na hupekua kumbukumbu za zamani, wala hawakubali jambo kwa kuwa tu limesimuliwa tangu enzi na enzi.

Maktaba kabla ya gazeti

Pratchett alikuwa mtoto wa pekee wa David na Eileen Pratchett. Baba yake alikuwa fundi wa magari. Mtoto huyo hakupenda kusoma mapema. Kitabu kilichomwamsha ni The Wind in the Willows cha Kenneth Grahame, hadithi ya fuko, panya na chura wanaoishi kando ya mto kama waungwana wa Kiingereza, wakivaa makoti na kuendesha magari. Baada ya hapo maktaba ya umma ya Beaconsfield ikawa shule yake ya pili. Siku za Jumamosi alijitolea kufanya kazi humo, na ukubwani hakuchoka kusema kwamba elimu yake aliipata maktabani kuliko darasani.

Mwaka 1959 alifaulu mtihani wa kwenda sekondari. Angeweza kwenda shule ya kusomea Kilatini, lakini alichagua High Wycombe Technical High School, kwa kuwa aliona useremala una raha zaidi. Akiwa na miaka 13, jarida la shule lilichapa hadithi yake The Hades Business, inayomhusu Shetani anayemwajiri mtaalamu wa matangazo ili ainadi Jehanamu kwa umma. Mwaka 1963 jarida la kibiashara la Science Fantasy liliinunua kwa pauni 14, naye kwa fedha hizo akanunua taipureta ya mtumba. Katika hadithi hiyo ya utotoni tayari unaonekana mwelekeo ambao hakuuacha maisha yake yote. Mambo ya ulimwengu mwingine aliyaendesha kwa kanuni za ofisi, soko na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Mwanagenzi wa gazeti la mji

Mwaka 1965 aliacha shule kabla ya kumaliza masomo ya juu ya sekondari na kujiunga na Bucks Free Press, gazeti la kila wiki lililotoka High Wycombe. Aliingia kama mwanagenzi chini ya mhariri Arthur Church, na huku akifanya kazi alisomea kozi ya taifa ya waandishi wa habari. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba hazikupita saa tatu tangu aanze kazi kabla hajaiona maiti yake ya kwanza.

Gazeti la mji mdogo si mahali pa habari za mawaziri na mikutano ya kimataifa. Mwanagenzi hupelekwa mahakamani kusikiliza kesi za ulevi na wizi mdogo mdogo, kwenye vikao vya madiwani wanaobishania mifereji, kwenye uchunguzi wa vifo vya ghafla, kwenye maonyesho ya maua na mboga, na kwenye nyumba za watu waliofiwa. Huko hujifunza kwamba hakuna mtu asiye na habari, na kwamba jina la mshindi wa maboga lazima liandikwe kwa usahihi uleule wa jina la waziri mkuu, kwa sababu mshindi huyo anakaa mtaa wa pili na kesho asubuhi atakuwa mlangoni. Hujifunza pia kwamba kila uamuzi unaopitishwa barazani humwangukia mtu fulani mwenye jina na anwani.

Miaka 35 baadaye maisha hayo yalirudi katika The Truth, riwaya ya Discworld ya mwaka 2000. Humo kijana William de Worde anajikuta ameanzisha gazeti la kwanza la jiji la Ankh-Morpork akishirikiana na mbilikimo wachapaji. Anataka kuwapa wananchi ukweli kuhusu njama ya kumwangusha mtawala. Wananchi nao humletea viazi na karoti zenye maumbo ya kuchekesha, wakiomba zipigwe picha. Mtu aliyewahi kukaa dawati la mapokezi la gazeti la mji anajua kwamba hilo halikuhitaji kubuniwa.

Ukurasa wa watoto

Miongoni mwa majukumu ya Pratchett katika Bucks Free Press ilikuwa safu ya watoto iliyoitwa Children's Circle. Aliiandika kwa jina la Uncle Jim, jina la kiofisi lililompa kijana wa chini ya miaka ishirini heshima ya mjomba. Katika safu hiyo alitunga zaidi ya hadithi 80, nyingi zikiwa za mfululizo, kipande kimoja kila toleo.

Kwa mtunzi anayejifunza, kazi ya aina hiyo ni kali kuliko darasa lolote. Siku ya gazeti haisogezwi, na nafasi imeshapangwa kwa inchi. Hadithi ikizidi hukatwa mkia, ikipungua huacha shimo jeupe ukurasani. Kila kipande lazima kiingie moja kwa moja kwenye tukio, kimkumbushe mtoto yaliyopita bila kumchosha, kimchekeshe, kisha kikome mahali atakapotaka kujua kitakachofuata. Zaidi ya hayo, mara nyingi mzazi ndiye aliyesoma kwa sauti huku mtoto akisikiliza. Sentensi ilipaswa kuteleza mdomoni, na utani ulipaswa kuwa na tabaka mbili, moja la mtoto na jingine la mzazi. Tabaka hizo mbili zilibaki kuwa alama ya uandishi wake, na ndiyo sababu vitabu vyake vya watoto vilisomwa na wakubwa bila aibu.

Katika safu hiyo ndimo walimozaliwa watu wa zuliani, waliokuja kuwa kitabu chake cha kwanza.

Mahojiano yaliyozaa kitabu

Mwaka 1968 Pratchett alitumwa kumhoji Peter Bander van Duren, mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ndogo ya uchapishaji ya Colin Smythe. Mahojiano yalipokwisha, mwandishi akataja kwamba naye ana mswada. Mswada huo ulichapishwa mwaka 1971 kwa jina la The Carpet People, ukiwa na michoro ya Pratchett mwenyewe. Sherehe ya kuuzindua ilifanyika katika idara ya mazulia ya duka la Heal's, jijini London.

Watu wa kitabu hicho ni wadogo kiasi kwamba zulia la sebuleni ni msitu wao, na nyuzi zake ni miti. Utajiri wa nchi yao hutokana na vitu vilivyodondoshwa na binadamu. Mbao hutoka kwenye njiti moja ya kiberiti, metali huchimbwa kutoka kwenye sarafu ya peni moja, na vanishi hukwanguliwa kwenye mguu wa kiti kwa msafara wa hatari. Hakuna kinachotokea kwa miujiza ambacho kingeweza kuelezwa kwa uchumi. Mtunzi amejiuliza swali la mwandishi wa habari anayefika mji mgeni: watu hawa wanakula nini, wanauziana nini, na nani anamlipa nani kodi?

Mwaka 1992, wachapishaji walipotaka kukitoa upya, Pratchett alikiandika tena karibu chote. Katika dibaji alikiri kwamba kitabu hicho kina waandishi wawili, kijana wa miaka 17 na mtu mzima wa miaka 43. Yule kijana aliamini fantasia ni mambo ya vita na wafalme. Yule mtu mzima alikuwa ameshaona kwamba kazi yenye maana zaidi ni kufikiria jinsi watu wanavyoweza kuishi bila vyote viwili.

Kazi ya mchana, maneno ya usiku

Kitabu cha kwanza hakikumtoa kazini. Alihamia Western Daily Press la Bristol mwaka 1970, akarudi Bucks Free Press kama mhariri msaidizi mwaka 1972, na mwaka uliofuata akaenda kwenye gazeti la jioni la Bath. Kisha akaacha magazeti na kuwa ofisa habari wa Central Electricity Generating Board, shirika la umma la kuzalisha umeme, akiwa msemaji wa eneo lenye vituo kadhaa vya nyuklia. Uteuzi huo ulikuja muda mfupi baada ya ajali ya kinu cha Three Mile Island nchini Marekani, ya Machi 1979, wakati kila mwandishi wa habari alitaka kujua kama kinu cha jirani nacho kinavuja. Baadaye Pratchett alitania kwamba alichagua wakati mwafaka kabisa wa kuingia kazini.

Usiku aliandika. Kiwango alichojiwekea kilikuwa maneno 400 kila siku. Neil Gaiman, aliyeshirikiana naye kuandika Good Omens, amesimulia kwamba usiku mmoja Pratchett alimaliza riwaya kwa maneno 300, akachomeka karatasi mpya kwenye mashine na kuandika 100 ya kitabu kilichofuata. Huo ni mwenendo wa chumba cha habari, ambako hakuna anayemsubiri malaika wa utunzi kwa sababu ukurasa unakwenda mitamboni leo.

Mwaka 1983 ilitoka The Colour of Magic, riwaya ya kwanza ya Discworld, dunia bapa kama sinia, iliyobebwa na tembo wanne waliosimama juu ya kasa mkubwa anayeogelea angani. Toleo la kwanza nchini Uingereza lilikuwa la nakala 506 tu. Mwaka 1987, mauzo yalipokua, aliacha kazi ya umeme na kuishi kwa kalamu. Katika miaka ya 1990 hakukuwa na mwandishi wa Uingereza aliyeuza vitabu vingi nchini humo kumshinda.

Vijitu vya dukani

Pratchett aliwarudia wasomaji wadogo kwa vitabu vitatu: Truckers mwaka 1989, kisha Diggers na Wings mwaka 1990. Wahusika wake ni nomes, vijitu wenye urefu wa inchi nne. Kundi la watu kumi, waliochoka kuwindwa na mbweha, wanadandia lori linalowafikisha kwenye duka kubwa la ghorofa. Humo wanakuta maelfu ya wenzao walioishi chini ya sakafu kwa vizazi, wakiwa wamegawanyika kwa koo zenye majina ya idara za duka. Wenyeji hawa hawaamini kwamba kuna nje. Kwao mvua, jua na upepo ni hekaya, na mwenye duka aliyefungua milango mwaka 1905 ndiye muumba. Matangazo ya biashara ni maandiko. Bango la kupunguza bei kwa mara ya mwisho linapotundikwa, hawaoni nafuu ya wateja. Wanaona kiyama kimetangazwa.

Na kweli duka linakwenda kubomolewa. Kuanzia hapo riwaya inakuwa habari ya kazi. Je, vijitu wa inchi nne watawezaje kuendesha lori? Pratchett haleti fimbo ya ajabu. Mmoja anasoma mwongozo wa sheria za barabarani, wengine wanajifunza injini, mamia wanapangwa kwenye kamba na mbao za kusukuma kanyagio na kuzungusha usukani, na mmoja anasimama dirishani akitoa ishara. Msomaji wa miaka kumi huelewa kila hatua na huweza kuukosoa mpango. Wakati huohuo anaona jinsi jamii nzima inavyoweza kusoma vibaya maneno yaliyo mbele ya macho yake. Kosa hilo la tafsiri, ambalo mhariri msaidizi hukabiliana nalo kila siku kwenye vichwa vya habari, ndilo injini ya kicheko na ya hofu katika kitabu chote.

Johnny na kumbukumbu za mji

Vitabu vitatu vya Johnny Maxwell vinakaribia zaidi maisha ya kawaida. Johnny ana miaka 12 na anaishi Blackbury, mji wa kubuni wa Kiingereza wenye duka la baga, maktaba na nyumba za halmashauri. Katika Only You Can Save Mankind, cha mwaka 1992, anacheza mchezo wa kompyuta wa kudungua vyombo vya maadui wa anga, mara maadui hao wanasalimu amri na kudai haki za mateka. Kwenye televisheni ya sebuleni wakati huo kuna Vita vya Ghuba vya mwaka 1991, na picha za makombora zinafanana mno na mchezo. Kitabu hakihubiri. Kinaziweka skrini mbili ubavu kwa ubavu na kumwachia mtoto alinganishe.

Johnny and the Dead, cha mwaka 1993, ndicho kinachoonyesha wazi mafunzo ya Bucks Free Press. Halmashauri imeuza makaburi ya zamani kwa kampuni kubwa kwa bei ya peni tano. Johnny ana uwezo wa kuwaona wafu, nao hawana raha na habari hiyo. Lakini uwezo wa kuona wafu hauzuii tingatinga. Kinachosaidia ni kazi ya maktaba na gazeti. Johnny na wenzake wanapekua magazeti ya zamani wakitafuta mtu yeyote mashuhuri aliyezikwa pale, na wanachokipata ni kikosi cha vijana wa mji huo waliojiandikisha pamoja na kufa pamoja katika Vita Kuu ya Kwanza. Kisha unafuata mkutano wa hadhara, ambamo wananchi wanasimama kuuliza maswali ambayo halmashauri haikutarajia. Ni kikao kama vile vya madiwani alivyovihudhuria mwanagenzi wa mwaka 1965, ila safari hii wafu nao wana la kusema. Kitabu cha tatu, Johnny and the Bomb, kilitoka mwaka 1996.

Panya na kamba za viatu

The Amazing Maurice and His Educated Rodents, cha mwaka 2001, ni kitabu cha kwanza cha Discworld kilichoandikwa mahususi kwa vijana. Kina sura, jambo ambalo riwaya zake nyingi za watu wazima hazina. Msingi wake ni ngano ya Ulaya ya mpiga filimbi aliyewaongoza panya kutoka mjini. Hapa mambo yote ni mradi wa kitapeli. Paka mwenye akili anaongoza genge la panya wenye akili na mvulana mmoja mwenye filimbi. Panya wanaingia mjini na kufanya fujo, mvulana anatokea na kudai malipo, panya wanamfuata nje, na fedha zinagawanywa. Panya wamejipa majina kwa kusoma maandishi ya makopo jalalani, kwa sauti tu, kabla ya kujua maana. Ndiyo maana kiongozi wao wa kiroho, panya mweupe dhaifu mwenye macho mabovu, anaitwa Maharagwe ya Hatari, Dangerous Beans.

Katika mji wa Bad Blintz mpango unakwama, kwa sababu kuna tapeli mwingine aliyewatangulia. Wakamata panya wa mji wanalipwa kwa kila mkia, na chakula kinapotea maghalani huku lawama zikiwaangukia panya. Siri inafichuka kwa jambo dogo sana. Mikia iliyopigwa misumari ukutani kama ushahidi inachunguzwa kwa karibu, na inaonekana ni kamba za viatu, hata vyuma vya kwenye ncha vikiwa bado vipo. Hakuna jini wala ndoto iliyomfunulia mtu. Kuna mtu aliyesogea na kutazama vizuri.

Binti wa meya, Malicia, ni mfano wa makosa ya upande wa pili. Amesoma hadithi nyingi mno na anaamini kila jambo maishani lazima lifuate ngano: pawe na mlango wa siri, pawe na njama, pawe na mwisho mwema. Mara nyingine anapatia, mara nyingine anahatarisha maisha ya wenzake. Mwisho wenyewe wa kitabu haufanani na wa ngano. Panya na binadamu wanakaa mezani na kuanza kujadili mkataba, kifungu kwa kifungu: nani alipwe nini, na panya wa kawaida wawekwe kundi gani. Kitabu hicho kilishinda Carnegie Medal ya mwaka 2001, tuzo ya fasihi ya watoto inayotolewa na wakutubi wa Uingereza tangu 1936. Kwa mtu aliyelelewa na maktaba, ilikuwa hukumu ya watu wa nyumbani.

Tiffany na sahani ya supu

Mfululizo wa Tiffany Aching una vitabu vitano: The Wee Free Men mwaka 2003, A Hat Full of Sky 2004, Wintersmith 2006, I Shall Wear Midnight 2010 na The Shepherd's Crown 2015. Katika kitabu cha kwanza Tiffany ana miaka tisa, anatengeneza jibini shambani kwao na kumlea mdogo wake Wentworth, anayelilia peremende mchana kutwa. Nchi yao, the Chalk, ni vilima vya chokaa na malisho ya kondoo. Imechorwa kwa kufuata vilima vya Wiltshire, ambako Pratchett aliishi na kufariki.

Mapema kitabuni zimwi la mtoni linachomoza majini mbele ya watoto hao wawili. Tiffany anamnyakua mdogo wake na kukimbia nyumbani. Hapo ndipo ngano nyingi zingemleta mzee mwenye busara. Tiffany anachukua kitabu cha hekaya na kutafuta zimwi lile. Anakuta maelezo kwamba macho yake ni makubwa kama sahani ya supu. Maelezo hayo hayamtoshi, maana hayasemi sahani ina ukubwa gani. Anaingia jikoni, anatoa sahani ya supu, anaipima: inchi nane. Analinganisha na alichokiona, anaridhika kwamba ndilo lenyewe, kisha anarudi mtoni na kikaango, huku Wentworth na mfuko wa peremende wakiwa chambo. Zimwi linapotokea, linakutana na kikaango usoni.

Katika tukio hilo moja umo utaratibu wote wa mwandishi wa habari. Limeonekana jambo, limetafutwa katika kumbukumbu, chanzo kimehojiwa, kipimo kimechukuliwa, ndipo hatua ikafuata. Tiffany anayahoji vilevile mambo mazito zaidi. Ajuza mmoja wa kijijini alishukiwa uchawi kwa sababu alikuwa mzee, hana meno na anaishi peke yake. Watu walimchomea nyumba, naye akafa kwa baridi. Tiffany anauliza ushahidi ulikuwa wapi, na swali hilo ndilo linalomfanya atake kuwa mchawi: ili jambo kama lile lisitokee tena.

Neno mchawi linamtatiza kidogo msomaji wa Kiswahili, ambaye kwake mchawi ni mtu wa kudhuru. Wachawi wa Pratchett wanafanana zaidi na mkunga, mganga wa mitishamba na mpatanishi wa kijiji katika mtu mmoja. Wanakata kucha za wazee wasio na watu, wanakesha na maiti, wanazalisha na wanaamua ugomvi wa mipaka ya mashamba. Uchawi wenyewe hutumika mara chache. Wasaidizi wa Tiffany, Nac Mac Feegle, ni vijitu wa buluu wenye urefu wa inchi sita, walevi, wagomvi na wezi, wasioogopa zimwi lolote. Kinachowatia kiwewe ni mawakili. Mtoto hucheka tu. Mzazi aliyewahi kupokea barua ya wakili hucheka zaidi.

Kisiwa na mifereji ya London

Vitabu viwili vya vijana viko nje ya mifululizo hiyo. Nation, cha mwaka 2008, kinaanza na wimbi kubwa la bahari linalofagia kisiwa kizima. Mau, mvulana aliyekuwa kwenye safari ya kuingia utu uzima, anarudi na kukuta hakuna aliye hai. Mmoja baada ya mwingine, anaifunga miili ya watu wake pamoja na vipande vizito vya matumbawe na kuipeleka kwenye kina cha bahari, huku akili yake ikiwa imejitenga na mikono. Kisha anawauliza miungu kwa nini. Pratchett alikuwa na wazo hilo kabla ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyofika hadi pwani za Somalia, Kenya na Tanzania, na baada ya msiba huo aliliweka kando kwa muda. Mwenyewe alikihesabu kuwa kitabu bora kuliko vyote alivyoandika.

Dodger, cha mwaka 2012, kinamhusu kijana anayeokota sarafu na vito katika mifereji ya maji machafu ya London ya karne ya 19. Kitabu kimetabarukiwa kwa Henry Mayhew, mwandishi wa habari ambaye kuanzia mwaka 1849 aliandika katika Morning Chronicle maisha ya maskini wa jiji hilo, akiwahoji waokota makaa, wauza maua na wazoa takataka na kuandika kipato chao hadi senti. Mayhew mwenyewe ni mhusika kitabuni, pamoja na Charles Dickens, mwanahabari mwingine aliyehamia riwaya. Hapo Pratchett alikuwa akilipa deni la taaluma waziwazi.

Miaka ya mwisho

Desemba 2007 Pratchett alitangaza kwamba ana aina adimu ya ugonjwa wa Alzheimer, inayoshambulia sehemu ya nyuma ya ubongo na kuvuruga uwezo wa kuona na kutambua vitu. Mwaka uliofuata alitoa dola milioni moja kwa utafiti wa ugonjwa huo. Mwaka 2009 alipewa hadhi ya Sir. Vidole vilipokataa kibodi, aliendelea kutunga kwa kuamuru, kwa msaada wa programu ya kutambua sauti na msaidizi wake Rob Wilkins. The Shepherd's Crown, kitabu cha mwisho cha Tiffany, kilitoka Agosti 2015, miezi mitano baada ya kifo chake.

Alikuwa ameacha wosia kwamba kazi zake ambazo hazijakamilika ziharibiwe. Tarehe 25 Agosti 2017, kwenye maonyesho ya mashine za mvuke ya Dorset, diski ya kompyuta yenye miswada hiyo ilisagwa na mtambo wa zamani wa kushindilia barabara. Hadithi za Uncle Jim zilipata mkondo mwingine. Zilikuwa zimechapwa kwenye gazeti ambalo wiki iliyofuata lilitosha kufungia samaki na chipsi, lakini nakala zilitunzwa. Kuanzia mwaka 2014, Pratchett akiwa bado hai, zilianza kukusanywa vitabuni: Dragons at Crumbling Castle, kisha The Witch's Vacuum Cleaner mwaka 2016, Father Christmas's Fake Beard mwaka 2017 na The Time-travelling Caveman mwaka 2020. Vipande vilivyoandikwa na mwanagenzi ili kujaza safu ya watoto vinasomwa leo na wajukuu wa watoto wale wa High Wycombe.